Rangi ya Nyuma ya Sikio

Juzi nilimimina maji ya moto kwenye beseni la plastiki nimwogeshe mwanangu mdogo, na kabla sijaongeza ya baridi ile harufu ikapanda. Nyie mliokua na viatu vya yeboyebo miguuni mnaijua: harufu ya plastiki iliyopata moto bila kuungua, ina utamu fulani hivi unaokera pua. Nilisimama pale na kopo mkononi mpaka mtoto akaanza kunipigia kelele kwamba anasikia baridi. Mwenzenu nilikuwa mbali. Nilikuwa Sofu, Kibaha, nyumbani kwa baba yangu, mtoto wa darasa la pili, nachungulia jikoni na kuona mguu wa mtu ndani ya sufuria.

Msicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze nilifikaje hapo.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza kushika mambo kichwani. Bibi mzaa mama akanichukua Kisarawe, akanilea kwenye nyumba yake ya kilimani, yenye baridi asubuhi na mikorosho nyuma ya jiko. Aliniita mke mwenza, na mimi nikamwita bi kizee, tukashinda tunagombania nani mzuri zaidi. Jumapili tulikwenda usharikani, nikalala kwenye paja lake mpaka mahubiri yaishe. Sikuwa na shida yoyote. Kisha Baba, aliyekuwa akidamka kwenda Dar kazini na kurudi jioni amechoka hoi, akamaliza kujenga kule Sofu, akaoa tena, akaja kunichukua.

Bibi alikubali kwa mdomo tu. Kina mama wa usharika waliokuja kuniaga walinishika kichwa wakasema, "Maskini, anakwenda kwa mama wa kambo," na hadithi za mama wa kambo mimi nilikuwa nazo za kutosha. Kwenye kila hadithi aliyonisimulia Bibi, mama wa kambo anamlisha mtoto pumba, anamtuma kisimani na mtungi uliotoboka, na mwisho wa yote anatafuta namna ya kummaliza. Kwa hiyo niliingia Sofu macho kodo. Chakula nilikinusa kwanza. Chai sikunywa mpaka nimwone Baba ameionja. Siku moja nikamsikia akimwambia mke wake sebuleni kwamba amekubaliana na Bibi: likizo ikiisha kama mtoto hajazoea, atarudi Kisarawe, atasoma hukohuko na habari itaishia hapo. Nilifurahi kweli. Kazi yangu ikawa moja tu, kutozoea.

Huyo mke wake niliambiwa nimwite Anti Sabina. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa bara, na pale mtaani alikuwa mgeni kama mimi. Alikuwa na kibanda karibu na soko, akiuza viatu vya mtumba na midoli ya watoto. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba midoli ikitoka kwenye belo la mtumba inakuwa imebanwa hadi imekuwa kama chapati: kichwa kimebonyea, tumbo limeingia ndani, gari halina umbo. Anti Sabina alikuwa na dawa yake. Aliichovya midoli kwenye maji ya moto, plastiki ikalainika, ikarudi yenyewe ilivyokuwa, kisha akaitia kwenye maji ya baridi ikakaza. Viatu vya plastiki vilivyopinda alivitibu vivyo hivyo. Kazi hiyo aliifanyia kibandani kwake, na mimi kule nilikuwa nimegoma kwenda.

Sasa siku hiyo alikuwa ameileta kazi nyumbani. Nimetoka kulala mchana, nina kiu, nafika mlangoni mwa jiko nasikia maji yanachemka na ile harufu. Nikachungulia. Mguu. Una goti, una kidole gumba, una rangi ya ngozi ya mzungu. Pembeni kwenye sinia kuna mkono umekunja ngumi, na kichwa kinanitazama. Na yeye Anti Sabina ameshika uma, anaugeuza ule mguu taratibu, anaimba wimbo wa kwao kwa sauti ya chini.

Jamani, nilikimbia. Nilitoka pale na gauni langu la kulalia mpaka barabarani, napiga mayowe, "Anapika mtu! Anti anapika mtu!" Watu wakatoka. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Devota, mwiko wa ugali mkononi, akanidaka akanificha nyuma ya khanga yake. Vijana wakaacha bao lao. Nikasikia mwanamke mmoja nisiyemjua akisema polepole, "Si nilisema mimi? Huyu mama mbona hacheki na mtu?" Siku hizi nacheka mwenyewe nikikumbuka, lakini nyie mnajua neno hilo walilokuwa wanalizunguka linavyomkaa mwanamke mgeni, tena mwenye mtoto wa mwenzie ndani. Likishashika halibanduki. Nani angenunua kiatu chake tena? Baba angefanya nini ndugu zake wakianza kuulizana?

Anti Sabina akatoka. Alikuwa ameishika ile sufuria kwa ncha za khanga, maji yanacheza ndani. Akaiweka chini katikati ya watu. Akachoma ule mguu kwa uma, akauinua, maji yakachuruzika kutoka ndani, maana ulikuwa mtupu kama ganda.

"Tazameni," akasema. "Njooni karibu mtazame wote."

Mama Devota ndiye aliyeinama. Akautazama mguu huku na huku, akaugusa kwa mwiko wake, ukabonyea. "Eh! Mungu wangu," akasema, "kumbe ni makongoro!"

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Kuna kijana aliketi chini kabisa. Kuanzia siku ile mpaka leo Anti Sabina pale Sofu ni Mama Makongoro, na wateja wageni wanapotafuta kibanda chake wanaelekezwa hivyohivyo. Lakini wakati wenyewe yeye hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akajifuta macho kwa kiganja, haraka, kana kwamba ni moshi, na mimi niliona. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mama wa kambo naye anaweza kuogopa. Kwenye hadithi za Bibi hakuna hata mmoja aliyeogopa kitu.

Hakunigusa hata kwa ukucha. Watu walipoondoka alininyooshea ule mguu. "Shika. Una moto kidogo ila hauunguzi." Nikaushika. Ulikuwa laini kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, na ulinipa raha mkononi ambayo siwezi kuieleza. "Huyu mtu katoka vipandevipande kwenye belo," akasema. "Hana boksi, hana picha, simjui ni nani. Hebu nisaidie tumtafute."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila alipotoka kibandani tulikaa uani na sufuria na wembe. Vipande vile vilikuwa na kingo za ziada pale vinapoungana, naye alizikata akiwa ameuma ulimi, kisha akanipa mimi nichovye na kusukuma: paja kwenye nyonga, mkono kwenye bega. Kikiwa cha moto kinaingia, kikipoa huwezi kukitoa hata umwite fundi. Tulimjaza mchanga wa uani kwa kikombe cha karatasi ili jua lisimlainishe miguu akaanguka. Tulimpaka gundi, nikajigandisha vidole, Anti Sabina akanibandua kwa mafuta ya taa huku akinicheka, na mimi nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimekatazwa kuzoea.

Aliposimama tukaona ni mwanamke. Mrefu kama rula ya mwanafunzi, kifua kimevishwa chuma, kofia ya vita yenye pembe, mabawa makubwa mgongoni. Kikabaki kipande kimoja, kirefu, cha kujikunja, chenye miiba. Tulikigeuza sana. Anti Sabina alisema labda ni upinde. Mimi nilisema labda ni nyoka wake. Ndipo akaona tundu chini ya mgongo, akanitazama, nikamtazama.

"Mkia," akasema.

"Hauwezi kuwa wake," nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo ikanitoka. Nilikuwa nimeshamjua yule mtu toka tulipomfunga mabawa. Mwanamke mwenye mabawa, aliyekuja vipandevipande mpaka nyumbani kwetu, angekuwa nani mwingine? Shule ya Jumapili walikuwa wameshatuambia waliokufa vizuri wako wapi na wanaonekanaje. "Huyu ni mama," nikasema. "Mama hana mkia."

Anti Sabina akauweka mkia kwenye kopo la misumari. Kisha akachukua wembe, akazikata zile pembe za kofia taratibu, akazungushia kilemba cha kitambaa. Siku iliyofuata alikuja na kipande cha kitenge, akamshonea sketi ya kufunika lile tundu. Nawaambieni ukweli, sijawahi kuona mtu mzima akiuchukulia upuuzi wa mtoto kwa heshima kiasi kile.

Rangi ndiyo ilitusumbua. Tulianza na ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka nondo za madirisha. Ikapakika vizuri, ikang'aa, na haikukauka. Tulimwanika juani, tukamweka mbele ya feni, wapi! Ukimshika unabaki na alama za vidole, vumbi likamganda, na manyoya ya kuku shavuni. Anti Sabina akamsugua yote kwa mafuta ya taa, akatafuta rangi ya maji, ile nyeupe ya kuta, na vibomba vya rangi za wanafunzi vya kuchanganyia. Ikashika. Tukapaka chuma, tukapaka mabawa. Ikabaki ngozi.

"Mama yako alikuwa na rangi gani?" akaniuliza.

Sikujua. Ilikuwa mara ya kwanza kugundua kwamba sijui, na nilihisi nimetumbukia mahali. Jioni tukamuuliza Baba. Baba akakuna kidevu, akamtazama mkewe, akatazama ukuta. "Alikuwa... wa kawaida," akasema. "Rangi nzuri tu."

"Huyo naye," alisema Anti Sabina, Baba alipokwenda kuoga. Akaiweka brashi chini. Kisha akasema, "Jumamosi tutakwenda Kisarawe kwa bibi yako."

Asubuhi ya Jumamosi nilimwona anakunja nguo zangu zote, hata sweta la shule, anazitia kwenye mfuko. Mama Devota alikuwa amesimama mlangoni. "Sabina, ukimpeleka sasa hivi hurudi naye," akamwambia. "Yule bibi anamsubiri huyu mtoto, na likizo ndiyo hiyo inaisha." Anti Sabina akajibu, "Najua," akafunga zipu. Na mimi, niliyekuwa naomba kila siku nirudishwe Kisarawe, nilikaa kitandani nikachelewesha kuvaa viatu.

Tulimkuta Bibi barazani anachambua mchele. Sanamu letu nilikuwa nimelipakata, limefungwa kwenye taulo, mabawa yametoka nje. Anti Sabina akapiga magoti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alisema Bibi. Ilikuwa marahaba fupi kweli. Akautazama mfuko. "Umemrudisha?"

"Sijamrudisha, Mama. Nimemleta akusalimie. Nguo zake nimekuja nazo zote. Akibaki hatapungukiwa, na akirudi nitazibeba mwenyewe."

Bibi akageukia taulo. "Na hilo nini, jini? Ndani kwangu haliingii."

"Ni mama," nikasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Ungo ukashuka chini. Bibi akalichukua lile sanamu kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na macho yake yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu. "Mwanangu hakuwa na mabawa," akasema hatimaye.

"Sasa hivi anayo, Bibi. Si yuko mbinguni?"

Bibi akainua sketi ya kitenge kwa kidole. "Na tundu hili?"

"Palikuwa na mkia," nikamwambia. "Tumeuacha Kibaha."

"Afadhali," akasema Bibi.

Anti Sabina alikuwa bado amepiga magoti kwenye sakafu. "Mama, marehemu sikumjua," akasema. "Mtoto anataka kumpaka rangi yake, na mimi sitaki kumbunia mama yake. Nimekuja kukuuliza alikuwa na rangi gani."

Nimeshaishi miaka ya kutosha kukutana na wanawake wengi wema, na bado sijaona jambo gumu kama lile. Kwenda kwa mama wa mwanamke uliyechukua nafasi yake, ukaeleza kwa mdomo wako kwamba kuna kitu hujui, ukaomba. Kuku walikuja wakaanza kudonoa mchele na Bibi hakuwafukuza.

"Maji ya kunde," akasema. Kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Lakini maji ya kunde ziko nyingi." Picha moja tu ya mama ndiyo ilikuwepo, ya kipaimara, na ilikuwa imeingia maji ya mvua mpaka uso umekuwa wingu. Hatukuhangaika nayo. "Njoo hapa, wewe mke mwenza," Bibi akaniita, akanigeuza mgongo, akalikunja sikio langu kwa mbele.

Mnajua mtoto akizaliwa wakubwa wanavyomwangalia masikio. Uso wa kichanga unadanganya, leo mweupe kesho mwekundu, lakini sikio linasema rangi atakayokuwa nayo. "Huyu nilimwangalia siku ileile ametoka," Bibi akasema. "Nikamwambia mwanangu, umejizaa mwenyewe. Usoni jua limeshamchoma, ila hapa nyuma ndipo pale pale. Changanya, binti. Weka tuone."

Anti Sabina akachanganya kwenye kifuniko cha kopo, akaweka tone nyuma ya sikio langu. Lilikuwa la baridi, nikaruka.

"Tulia! Hiyo imezidi nyeusi," alisema Bibi. "Mwanangu hakuwa mweusi hivyo."

Tone jingine. "Sasa imekuwa njano. Alikuwa mgonjwa?"

"Naongeza nyekundu, Mama."

"Usiongeze hiyo ya dukani. Ngoja." Bibi akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na udongo mwekundu kiganjani, akausugua kwa vidole mpaka ukawa unga, akaunyunyiza kwenye kifuniko. Wakanivuta juani. Wakaniinamia wote wawili, pumzi zao shingoni kwangu, mmoja anapaka, mmoja anafuta kwa kitambaa cha maji, wanabishana. Sikuwa naona kitu zaidi ya kuku na miguu yangu. Ila masikio yangu yalikuwa yanasikia vizuri sana, na nilisikia pale "binti" ilipogeuka ikawa "Sabina". Nilisikia Bibi akisimulia, kidogokidogo, vitu ambavyo mimi hakuwahi kunisimulia: kwamba mwanawe alikuwa akichekesha kwaya, kwamba alikuwa hapendi bamia, kwamba alikuwa na vidoti shingoni. Anti Sabina alikuwa anauliza, "Upande gani, Mama?" na anangoja jibu. Nilikuwa na shingo inauma na sikutaka wamalize.

Wakamaliza. Bibi akaligusa lile tone la mwisho na hakulifuta.

Nikampaka mwenyewe. Uso, mikono, miguu ile ya kwenye sufuria. Macho niliyaweka kwa njiti ya kiberiti, vidoti vya shingoni pia. Yule mtu alikuwa amechongwa kwa vita, kwa hiyo hata baada ya kilemba na sketi bado alikuwa amekunja sura. Niliogopa Bibi hatampenda. Akamshika, akamtazama, akatoa kicheko cha puani. "Kanuna," akasema. "Hivihivi kabisa. Ukimwambia akateke maji ndiyo sura yake hii."

Basi alikaa hivyo, amenuna, kwenye kabati la sebuleni mpaka nimemaliza shule, mpaka nimeolewa. Bado yuko pale Sofu. Mabawa yamelegea kwa joto na rangi imechubuka ncha ya pua. Anti Sabina anampangusa vumbi kila Jumamosi, na wageni wakiuliza ni nani anajibu bila kupepesa, "Huyu ni mama yake Edina." Nimelelewa na wanawake watatu, na mwanamke mmoja kati yao ndiye aliyehakikisha simkosi yeyote. Namshukuru sana. Nimeshamwambia, na nitamwambia tena, ingawa kila nikianza anasema nimletee chai.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijui. Jua lilikuwa limeanza kuinama na Anti Sabina akasimama, akajikung'uta magoti, akasema, "Mama, sisi... mimi naona niage." Mfuko wangu ulikuwa pale barazani ulipowekwa. Sikujua nisogee upande gani. Kumwacha Bibi na macho yake yale sikuweza, kubaki nako sikuweza. Bibi angeweza kuniuliza unataka kukaa wapi, mbele yao wote wawili. Ni swali dogo na mtu mwingine angeliuliza. Namshukuru Bibi, Mungu amrehemu, kwamba hakuniuliza.

Aliichukua ile brashi. "Inama, Sabina," akasema. Anti Sabina akainama, hajui la kufanya na mikono yake. Bibi akalikunja sikio lake kwa mbele, kama alivyolikunja langu, akaweka tone la rangi ya mwanawe hapo nyuma. Akasogea. Akafumba jicho moja. Akatazama kwa makini mpaka nikadhani kuna kitu amekiona.

"Hamfanani hata kidogo," akasema.

Akalifuta lile tone kwa upindo wa khanga yake, taratibu, asibakize hata alama.

"Haya, mchukue mwanao mwende. Gari lisije likawaacha."